Singe za Kijerumani: Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini

Jina la Kariokor, mtaa wa Nairobi ulio karibu na Ziwani na Pumwani, latokana na Carrier Corps, yaani kile kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyo hiyo. Singe ya vita hivyo, iitwayo pia beneti, yaweza kuwa imelala hata leo katika sanduku la mzee fulani wa mtaani, au katika fungu la vyuma chakavu huko Gikomba. Asiyeijua huiuza kwa bei ya chuma, au huipeleka kwa fundi ikageuzwa kisu cha jikoni. Kwa hiyo yafaa kujifunza namna ya kuitambua.

ZILIFIKAJE HUKU?

Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuitwaa Taveta. Hapo mwanzo askari wao wengi walikuwa na bunduki za namna ya mwaka 1871, zilizotoa moshi mwingi kila zilipopigwa. Baadaye meli mbili, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916, zilipenya katikati ya manowari za Waingereza zikawaletea silaha. Vita vilikwisha huku Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia.

KWANZA, TAZAMA UMBO

Singe ya mwaka 1871 ina mpini wa shaba ya manjano na chuma cha urefu wa sentimita 47 hivi. Ile ya 1871/84 ni fupi, kama sentimita 25, nayo ina mpini wa mbao. Ya mwaka 1898 ni nyembamba na ndefu mno, yapata sentimita 52. Ile ya 1898/05 ina sentimita 37 hivi, na chuma chake hupanuka karibu na ncha kama kisu cha mchinja nyama.

Si kila singe ya zamani ni ya Kijerumani. Askari wa King's African Rifles walitumia silaha za Kiingereza. Singe ya Kiingereza iliyo ya kawaida ina chuma cha sentimita 43, nayo imeandikwa 1907. Wengi hudanganyika hapo wakidhani ilitengenezwa mwaka huo, kumbe 1907 ni jina la namna yake tu.

PILI, SOMA ALAMA

Singe ya jeshi la Kijerumani husomwa kama barua. Kwenye mgongo wa chuma, karibu na mpini, hutafutwa taji dogo lenye herufi chini yake. Herufi W mara nyingi ni ya Wilhelm, mfalme wa Prussia. L ni ya Ludwig wa Bavaria. Tarakimu mbili zifuatazo ni mwaka ilipopokewa na jeshi: 15 ni 1915. Ubavuni, karibu na mpini, huandikwa jina la kiwanda au la mji, kama vile Erfurt, Suhl au Solingen. Chuma cha kukinga mkono huweza kuwa na alama ya kikosi. Zikionekana herufi D.O.A., hizo ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la Tanganyika wakati wa Wajerumani, na mwenye singe hiyo na aitunze sana.

TATU, PIMA HALI YAKE

Singe yenye ala yake ina thamani kuliko isiyo nayo, na zaidi ikiwa nambari za vitu hivyo viwili zalingana. Zile zenye meno ya msumeno mgongoni hutafutwa sana na wakusanyaji. Ndiyo maana wadanganyifu hukata meno mapya katika singe za kawaida. Meno ya zamani yamechakaa pamoja na chuma chote. Ya juzi hung'aa na kukwaruza kidole.

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia tupa, msasa au jiwe la kunoa. Kutu hutoka, lakini alama hutoka nayo, na singe isiyo na alama ni kama barua iliyofutwa maandishi. Yatosha kuipangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta machache, na kuiweka mahali pakavu.

NNE, ANDIKA HABARI ZAKE

Wapagazi kwa kawaida hawakupewa bunduki. Basi mtu asemapo, "Babu alikuwa mpagazi, na hii ndiyo silaha yake," hapana budi kumwuliza zaidi: aliiokota, aliinunua, au alipewa na askari? Alitumika wapi? Majibu haya, pamoja na jina lake na kijiji chake, yaandikwe na kuwekwa pamoja na singe.

Jambo hili si dogo. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wengi huamini kwamba idadi ilizidi hapo sana. Wengi walizikwa bila kaburi lenye jina, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao. Sanamu ya mpagazi ipo Nairobi katika Kenyatta Avenue, lakini haimtaji mtu hata mmoja.

Anayetaka kuuza au kupeleka ng'ambo kitu cha kale na aulize kwanza Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2006 yalinda vitu vya kale na yataka kibali. Wala haifai kutembea na singe njiani: ni silaha bado.

Mnunuzi aweza kulipia chuma, lakini habari za mzee aliyekileta nyumbani zikipotea, haziwezi kununuliwa tena.