Kiziwa cha Samaki wa Rangi na Chujio Lake

Katika inchi ya Japani kuna jimbo liitwalo Niigata. Ni inchi ya milima, na wakati wa baridi theluji huanguka nyingi hata kupita urefu wa mtu. Wakulima wa kule hulima mpunga kwenye matuta ya mlimani, na karibu na mashamba huchimba viziwa vya kuwekea maji. Zamani walifuga humo samaki wa jamii ya karpe, wapate kitoweo siku za theluji. Samaki hao walikuwa weusi-weusi. Lakini tangu mwanzo wa miaka ya 1800 wakulima waliona kwamba mmoja-mmoja huzaliwa na alama nyekundu au nyeupe. Badala ya kuwala, waliwatenga na kuwazalisha. Hiyo ndiyo asili ya samaki wanaoitwa koi. Mwaka 1914 walionyeshwa katika maonyesho makubwa mjini Tokyo, na sifa zao zikaenea. Siku hizi koi hufugwa katika inchi nyingi, si kwa kuliwa bali kwa kutazamwa, na aliye mzuri sana huuzwa kwa feza nyingi kuliko ng'ombe.

Tufikiri sasa mtu mmoja aliyetaka kufuga koi nyumbani kwake. Alijenga kiziwa cha simenti, akakijaza maji, akanunua samaki kumi. Akawapa chakula mara tatu kwa siku, naye alifurahi kuona wanavyokigombania. Siku ya nane samaki walikuwa juu ya maji, wanafungua kinywa na kufunga kama watu waliokosa pumzi. Wengine walilala chini, mapezi yamebana. Yule mtu alitazama maji. Yalikuwa meupe kabisa, hata sarafu iliyoanguka chini ilionekana. Akasema, «Maji ni safi, basi huu ni ugonjwa.» Akanunua dawa, akaimimina. Juma lililofuata samaki watano walikuwa wamekufa.

Ni kitu gani kilichowaua?

Samaki akila, mwili wake hutumia sehemu ya chakula, na sehemu nyingine huwa takataka. Mavi yake tunayaona. Lakini takataka iliyo mbaya zaidi hatuioni. Inatoka katika damu, ikipita kwa matamvua, yaani viungo vya kupumulia vilivyo chini ya mashavu. Jina lake ni amonia. Kila mtu ameisikia harufu yake, ile harufu kali inayochoma pua penye choo cha mkojo. Ndani ya maji haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu, lakini huunguza matamvua ya samaki. Kilo 1 ya chakula cha samaki huleta ndani ya maji gramu 30 za amonia hivi. Basi yule mtu, kwa kuwapenda samaki wake na kuwalisha sana, alikuwa akiwatilia sumu mara tatu kwa siku.

Mtoni au ziwani jambo hili halionekani, maana maji ni mengi na samaki wamepata nafasi. Tena kuna wafanyakazi. Waliowagundua ni wataalamu wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz. Mwaka 1877 walichukua bomba refu, wakalijaza mchanga na mawe ya chokaa, kisha wakapitisha polepole maji machafu ya mji. Siku baada ya siku waliyapima maji yaliyotoka chini. Amonia iliyoingia ndiyo iliyotoka. Zikapita siku 20 hivi pasipo badiliko lolote. Mwingine angalichoka na kutupa mchanga ule! Ndipo amonia ikaanza kupungua, na mahali pake pakaonekana nitrati, kitu kile kinacholisha mimea shambani. Wakatia ndani ya bomba mvuke wa kloroformu, dawa ambayo zamani waganga waliitumia kwa kulaza wagonjwa. Mara ile kazi ikasimama. Wakatambua kwamba hakika si mchanga unaosafisha maji. Ni viumbe hai wanaokaa juu ya mchanga, wadogo hata jicho haliwaoni. Siku hizi tunawaita bakteria.

Bakteria hao ni wa namna mbili. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huifanya damu ya samaki kuwa ya rangi ya kahawia, isiweze kuchukua oksijeni, hata samaki akatweta ndani ya maji yenye hewa nyingi. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Kila juma mfugaji huondoa kama sehemu moja ya kumi ya maji na kutia mapya, nitrati ikapungua. Maji yaliyoondolewa ni mazuri kwa bustani.

Sasa tuone namna ya kujenga. Kiziwa cha koi kiwe na kina cha meta 1.5 hivi, maana maji ya kina kifupi hupata moto na baridi upesi, na koi ni samaki mkubwa. Wengi hufika sentimeta 60 au kupita. Chukua kiziwa cha urefu wa meta 5, upana wa meta 3, kina cha meta 1.5. Maji yake ni meta 22.5 za ujazo, maana yake lita 22,500. Desturi nzuri ni kwamba maji yote yapite katika chujio mara moja kila saa mbili. Basi pompi inapaswa kusukuma lita 11,250 kwa saa, na zaidi kidogo kwa sababu njiani nguvu hupungua.

Chini ya kiziwa pateremke kuelekea katikati, na hapo katikati pawe na tundu lenye bomba la upana wa sentimeta 10 au 11. Uchafu mzito hujikokota wenyewe hadi hapo. Bomba hupeleka maji katika vyumba vya chujio, vilivyojengwa sawa na usawa wa maji ya kiziwa. Chumba cha kwanza ni cha mviringo. Maji huingia kwa kufuata ukuta, yakazunguka polepole, na mavi hushuka chini katikati. Kila asubuhi mfugaji hufungua koki na kuyatoa. Chumba cha pili kina burashi ndefu, kama zile za kusafishia chupa, zinazokamata uchafu mdogo. Chumba cha tatu ni nyumba ya bakteria.

Bakteria hawaogelei ovyo. Hushikamana na kitu. Kwa hiyo nyumba yao inahitaji kuta nyingi. Chukua jiwe la pembe sawa, kila upande sentimeta 10. Lina nyuso sita, jumla yake sentimeta 600 za mraba. Likate vipande vya sentimeta moja. Utapata vipande 1,000, na nyuso zake zote ni sentimeta 6,000 za mraba! Jiwe ni lile lile, nafasi ya kukaa imezidi mara kumi. Kwa sababu hiyo wengine hutumia vipande vya plastiki, vidogo kama ncha ya kidole, vyenye kuta ndani yake, vinavyopinduka-pinduka katika mapovu ya hewa. Werevu huo ulitoka Norway, mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kusafisha maji machafu ya miji. Mapovu si mapambo. Ili gramu 1 ya amonia iwe nitrati, bakteria hutumia karibu gramu 4 za oksijeni.

Pompi hukaa mwisho, nyuma ya vyumba vyote. Wengi huiweka mwanzo, nayo hupondaponda mavi yakawa uji usioshikika tena. Ni kosa la uvivu, kwa sababu kuiweka mwanzo ni rahisi.

Nyumba ya bakteria isioshwe kwa maji ya mjini yenye klorini, kwa maana klorini huwekwa humo kusudi iue vijidudu. Ioshwe kwa maji ya kiziwa chenyewe, tena kidogo tu. Na pompi isizimwe usiku. Maji yakisimama, bakteria hukosa oksijeni na kuanza kufa katika saa chache.

Watu wa Niigata wanalijua jambo hili kwa uchungu. Wakati wa joto koi wao hukaa katika viziwa vya udongo milimani, ambamo matope yenyewe ni chujio. Mwezi wa Oktoba huwatoa na kuwaingiza katika nyumba za simenti zenye pompi. Tarehe 23 Oktoba 2004 inchi ilitetemeka. Viziwa vilipasuka, umeme ukakatika, na watu wote wa kijiji cha Yamakoshi wakaondolewa kwa helikopta. Koi wengi walikufa.

Yule mtu wetu alianza upya. Mara hii alibakiza samaki wawili tu, akawapa chakula kidogo mara moja kwa siku. Kila jioni alipima maji. Amonia ilipanda, naye akabadili sehemu ya maji. Juma la tatu amonia ilishuka, nitriti ikapanda. Akabadili maji tena, akangoja. Juma la sita zote mbili hazikuonekana. Maji yalikuwa meupe vile vile kama siku ya kwanza. Ndipo alipokwenda kununua samaki wengine wawili.

Maulizo

1. Kwa nini maji meupe yanaweza kuua samaki?
2. Schloesing na Müntz walingoja siku ngapi? Walijuaje kwamba kazi ile ni ya viumbe hai?
3. Kwa nini pompi hukaa mwisho?
4. Kiziwa kina urefu wa meta 4, upana wa meta 2, kina cha meta 1.5. Pompi isukume lita ngapi kwa saa?