Kununua Nyumba Kuukuu, Kuitengeneza na Kuiuza: Yanayofaa Kujulikana Mapema

Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mji ukakua kuizunguka. Bungoma nao ulikua kando ya reli iendayo Uganda. Ndiyo maana katika miji hii miwili bado kuna nyumba za zamani zenye kuta nene, veranda pana na kiwanja kikubwa, nyingine zikiwa zimekaa miaka bila mpangaji. Baadhi ya wakazi huzinunua kwa bei nafuu, huzitengeneza, kisha huziuza. Wapo wanaopata faida, na wapo wanaobaki na deni la benki na nyumba isiyouzika.

Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi huamuliwa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Huamuliwa katika hati, katika ukaguzi, na katika makubaliano na mafundi. Somo hili linayachukua mambo hayo moja baada ya jingine.

1. Nyumba ni ya nani?

Hatua ya kwanza ni kufanya sachi rasmi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Sachi huonyesha jina la mmiliki, kama ardhi imewekwa rehani, na kama kuna pingamizi lolote. Kwa kiwanja cha mjini kilichokodishwa na serikali, huonyesha pia muda wa ukodishaji. Kiwanja kilichobakiwa na miaka michache hakina bei sawa na kilichobakiwa na miaka mingi.

Shida inayowaponza wengi ni hati iliyobaki na jina la marehemu. Mtoto anayeishi katika nyumba ya babake hana mamlaka ya kuiuza mpaka mahakama ithibitishe urithi. Sheria ya Urithi inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini hiyo, na mnunuzi aliyelipa mapema anaweza kujikuta akibishana na ndugu wote wa muuzaji. Vivyo hivyo, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mume au mke, kulingana na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013.

Nyumba ikiwa nje ya mji, kwenye ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi inahitajika, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Ikiwa mjini, muuzaji aonyeshe cheti cha kaunti kwamba hadaiwi kodi ya ardhi. Bili za maji na umeme nazo ziangaliwe.

2. Ukaguzi kabla ya kutaja bei

Nyumba kuukuu ikaguliwe na mtu anayejua ujenzi, na ikiwezekana siku ya mvua. Mvua huonyesha paa linapovuja na ukuta unaponyonya maji. Mambo matano yasikose:

- Paa na mbao zake. Mbao ichokonolewe kwa bisibisi. Ikiingia kwa urahisi, mchwa au uozo umekwisha kazi.
- Kuta na msingi. Ufa mwembamba kwenye plasta si jambo kubwa. Ufa mpana unaopita kwenye mawe au matofali kwa mshazari unaashiria kwamba msingi umesogea.
- Nyaya za umeme. Nyaya zilizowekwa zamani hazikukusudiwa kubeba jiko la umeme na hita ya kuogea. Gharama ya kuzibadilisha zote iwekwe kwenye hesabu.
- Mabomba na maji taka. Mabomba ya chuma huziba kwa kutu ndani hata yanapoonekana mazima nje.
- Asbesto. Majengo mengi ya zamani, hasa yaliyokuwa ya serikali, yaliezekwa kwa asbesto.

Hili la mwisho linagusa uhai. Vumbi la asbesto likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Paa kama hilo halipasuliwi kwa nyundo, halikatwi kwa msumeno, wala vipande vyake havigawiwi majirani wakafunike banda la kuku. Asbesto huhesabiwa kuwa taka hatari, na huondolewa na kusafirishwa na wenye leseni ya NEMA mpaka mahali palipoidhinishwa. Kibarua asiye na kinga akiambiwa aipande na kuibomoa, anauza afya yake kwa ujira wa siku moja.

3. Kibali

Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha serikali ya kaunti kabla ya uendelezaji wowote kuanza. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kuongeza chumba, kuhamisha ukuta au kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka ni mambo yanayohitaji michoro na idhini. Hata kazi inayoonekana ndogo, ofisi ya mipango iulizwe kwanza. Majengo yaliyotangazwa kuwa turathi yanalindwa na sheria ya mwaka 2006, na hayaguswi bila kuwasiliana na Makavazi ya Kitaifa.

4. Fundi wa kuaminika hujulikanaje?

Wengi humchukua fundi kwa sababu ni binamu au kwa sababu bei yake iko chini. Uaminifu wa fundi hupimwa kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Mwenye nyumba aombe kuonyeshwa kazi tatu, na mojawapo iwe imepitia angalau misimu miwili ya mvua. Aongee na wenye nyumba hizo wakati fundi hayupo, awaulize maswali mawili: je, alimaliza, na je, alirudi alipoitwa kurekebisha?

Kisha vyeti viangaliwe. NITA huwatahini mafundi kwa gredi, ya 3 ikiwa ya kuanzia na ya 1 ikiwa ya juu. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili wakandarasi na kuwaidhinisha mafundi wa mjengo. Fundi wa umeme awe na leseni ya EPRA; hapo pasiwe na mjadala. Waliosomea Kitale National Polytechnic au Sang'alo wapo, na wapo pia waliojifunza kwa mikono kazini wakaenda kutahiniwa. Wote wanafaa ikiwa kazi yao inajionyesha.

5. Maandishi na malipo

Makubaliano na kila fundi yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: kazi gani, vifaa vya aina gani, nani ananunua vifaa, siku ya kuanza na kumaliza, na bei. Bei ya kazi itenganishwe na ya vifaa. Malipo yafuate hatua: paa likiisha, sehemu yake ilipwe, nyaya zikikaguliwa, sehemu yake ilipwe. Kiasi kama asilimia 10 kibaki mpaka mvua ya kwanza ipimie kazi.

Utaratibu huu humlinda fundi pia. Fundi aliyemaliza hatua na ana karatasi iliyotiwa sahihi hawezi kuzungushwa wiki tatu akidai haki yake. Wakikosana, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 husikizwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Mpangilio wa kazi nao huokoa pesa: paa kwanza, kisha kuta na unyevu, nyaya na mabomba, plasta, sakafu, na rangi mwisho. Kitale mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Machi na huendelea muda mrefu, hivyo kazi ya paa ipangwe Desemba hadi Februari.

6. Hesabu ya mfano

Tuseme nyumba mjini imenunuliwa kwa shilingi 3,000,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 120,000. Wakili na mthamini wakachukua 80,000. Ukarabati ukagharimu 1,000,000. Jumla ni 4,200,000. Nyumba ikauzwa 5,000,000, na dalali na wakili wa mauzo wakalipwa 150,000. Kilichobaki ni 650,000.

Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15, hivyo KRA inadai 97,500. Muuzaji anabaki na 552,500.

Sasa tuseme risiti za ukarabati za shilingi 600,000 hazipo, kwa kuwa vifaa vilinunuliwa bila karatasi. KRA itahesabu faida kuwa 1,250,000, na kodi itakuwa 187,500. Shilingi 90,000 zimepotea kwa kukosa risiti. Na kama paa la asbesto liligunduliwa baada ya kununua, likaongeza gharama ya 300,000, faida kabla ya kodi inashuka hadi 350,000, hata risiti zote zikiwepo.

Nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa kodi hiyo. Anayenunua na kuuza mara kwa mara kama biashara hutozwa kodi ya mapato ya biashara, na amwone mhasibu mapema.

7. Siku ya kuuza

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeuficha ufa kwa rangi humwachia mwingine ujenzi huo, pamoja na watoto watakaolala chini ya ukuta huo. Muuzaji mwema hukabidhi faili: kibali, leseni ya fundi wa umeme, risiti, na picha za nyaya na mabomba kabla hayajafunikwa. Mnunuzi naye aidai faili hiyo. Nyumba yenye karatasi zake huaminika upesi, na fundi aliyeitengeneza hupata kazi ya pili bila kutangaza.

Maswali ya kujadiliwa nyumbani au katika chama

1. Hati ya nyumba mnayoitazama ina jina la nani, na mtu huyo yu hai?
2. Je, paa limekaguliwa na mtu anayeitambua asbesto?
3. Ni kazi zipi tatu za fundi wenu mlizoziona kwa macho?
4. Gharama ikipanda kwa asilimia 20, je, bado kuna faida?
5. Risiti zinatunzwa na nani?