Kuoka Paja la Nguruwe kwa Sherehe: Mwongozo wa Usalama kwa Wakaazi

Msimu wa shukrani, mahari na sherehe za Desemba ukikaribia, nyumba nyingi katika Kaunti ya Kakamega hupika nyama ya nguruwe. Wengi huikaanga au kuitia mchuzi. Siku hizi wapo wanaopenda kuoka paja zima na kulikata vipande vyembamba, jinsi hemu inavyoandaliwa hotelini. Chakula hiki hukaa vizuri mezani na hushibisha wageni wengi. Hata hivyo, nyama ya nguruwe isiyokaguliwa au isiyoiva huleta maradhi ambayo familia itayalipia miaka mingi. Somo hili linaeleza hatari hiyo na namna ya kuiepuka, kuanzia kwa mchinjaji hadi kwenye sahani.

KWA NINI TUWE WAANGALIFU

Tegu wa nguruwe ni mnyoo anayeishi katika utumbo wa mtu. Mayai yake hutoka na choo cha mtu huyo. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa na vijusi huingia katika nyama yake, vikawa vifuko vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, naye hupata tegu.

Hatari kubwa zaidi ni mayai yenyewe. Mwenye tegu asiyenawa mikono baada ya choo anaweza kuyapeleka kwenye chakula cha wengine. Atakayeyameza huota vifuko hivyo ndani ya mwili wake, hata kwenye ubongo. Vikiwa kwenye ubongo huleta kifafa. Ndiyo maana mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua maradhi haya, na ndiyo maana choo na sabuni ni sehemu ya mapishi. Mwenye kifafa hajarogwa. Mpeleke kituo cha afya.

KUNUNUA NYAMA

1. Nunua kwenye bucha yenye leseni, nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Sheria ya Kenya inataka nyama ya kuuzwa ikaguliwe.

2. Ukichinja nguruwe wako nyumbani, zungumza na afisa wa mifugo wa wadi yako mapema, kabla ya siku ya kuchinja.

3. Ukiona vifuko vyeupe kwenye nyama, usiile, usiiuze wala usimpe mbwa. Mjulishe afisa huyo. Kumbuka kwamba mkaguzi hawezi kuona kila kifuko, kwa hiyo nyama yenye muhuri pia ni lazima iive.

4. Kadiria gramu 300 hadi 350 za nyama mbichi yenye mfupa kwa kila mgeni. Paja la kilo 5 litatosha watu 15 hivi, au zaidi kidogo kukiwa na kuku na vyakula vingine.

MAHITAJI

Paja la kilo 5; chumvi; vitunguu 2; tangawizi kipande; majani ya bei 3; pilipili manga; karafuu. Kwa kupaka: sukari nguru iliyosagwa kikombe 1, maji ya machungwa 2 na haradali kijiko 1 kikubwa. Sukari nguru ni zao la miwa yetu na hushika rangi nzuri kuliko sukari nyeupe.

HATUA ZA KUPIKA

Siku iliyotangulia. Kama una friji, yeyusha gramu 60 za chumvi kwa kila lita ya maji, uloweke paja usiku kucha likiwa ndani ya friji. Chumvi hii ni ya ladha tu. Haihifadhi nyama nje ya baridi. Kama huna friji, nunua nyama asubuhi ya sherehe, ipake chumvi na uipike mara moja.

Kuchemsha. Suuza paja, litie katika sufuria kubwa, ongeza maji hadi lifunikwe, kisha vitunguu, tangawizi, majani ya bei na pilipili manga. Maji yakichemka punguza moto. Hesabu dakika 20 kwa kila nusu kilo. Paja la kilo 5 litachukua kama saa 3 na dakika 20.

Kuoka. Opoa paja, toa ngozi lakini acha mafuta kidogo. Chora mafuta mistari kwa kisu, chomeka karafuu kwenye makutano ya mistari, kisha paka mchanganyiko wa sukari nguru. Oka dakika 40 hadi 45 kwa joto la digrii 200. Asiye na oveni atumie sufuria nzito: weka mchanga chini, mawe matatu juu yake, kisha sinia yenye nyama. Funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Chungulia kila baada ya dakika 15, kwani sukari huungua upesi.

Kupima. Chomeka kipimajoto mahali panene zaidi bila kugusa mfupa. Kisome digrii 71 au zaidi. Bila kipimajoto, kata hadi karibu na mfupa: nyama isiwe na uwekundu wala isitoe maji ya damu. Ukiona hayo, rudisha motoni.

RATIBA YA CHAKULA CHA SAA SABA

Maji yachemke saa moja na nusu asubuhi. Paja liopolewe saa tano kasoro dakika kumi na liingie kuokwa saa tano. Litoke saa sita kasorobo, lipumzike nusu saa likiwa limefunikwa, kisha likatwe vipande vyembamba kukingama na nyuzi za nyama.

KUANDAA MEZA

Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse nyama iliyoiva. Wapakuaji wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Andaa pamoja na viazi, ugali, kachumbari na mboga za kienyeji.

Wageni wetu hawali sawa. Mumias na sehemu nyingine za kaunti kuna ndugu Waislamu, na Waadventista wako karibu kila mahali. Weka nyama ya nguruwe kwenye meza yake, na miiko, sufuria na mafuta yake. Mpakuaji aseme wazi ni nyama gani. Kumficha mgeni anachokula ni kumkosea heshima.

MABAKI

Nyama isikae mezani zaidi ya saa 2. Hifadhi kwenye friji na uile ndani ya siku 3 au 4, baada ya kuipasha hadi itoe mvuke mpaka ndani. Kama huna friji, gawa nyama mapema ili iliwe siku hiyo hiyo.

Usiwape nguruwe mabaki ya nyama wala mifupa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, huenea kwa njia hiyo. Haimdhuru binadamu, lakini inaweza kumaliza zizi zima kwa siku chache, na haina tiba. Fukia mabaki kwenye shimo refu.

KUMBUKA

Funga nguruwe zizini, tumia choo, nawa mikono, nunua nyama iliyokaguliwa na uipike iive. Ukiona vipande vya mnyoo kwenye choo chako, fika kituo cha afya kilicho karibu. Tegu anatibika kwa dawa, na ukitibiwa mapema unawakinga wote mnaokula nao nyumbani.