Tumbo Lililojaa Upepo

Kwetu Likasi, siku ya kula bukari na maharagi, mara nyingine tumbo la mtoto hujaa upepo. Linavimba kama ngoma, linanguruma, linauma. Wenzake humcheka. Nkambo wake hacheki; anateleka sufuria ya maji motoni.

Upepo huo watoka wapi? Kidogo huingia kwa kinywa, tukila haraka au tukisema huku tunatafuna. Lakini mwingi huzaliwa ndani yetu. Maharagi yana sukari za namna ambazo tumbo la mtu haliwezi kuziyeyusha. Basi hupita nzima mpaka utumbo mkubwa. Huko hukaa vijidudu vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Vyenyewe si adui zetu. Vinakula sukari zile, nazo zinachacha, kama munkoyo unavyochacha mtungini. Umepata kuona povu juu ya munkoyo? Povu hilo ni upepo unaotafuta njia ya kutoka. Tumboni ni vile vile.

Sasa tutazame sufuria ya nkambo. Labda ametia tangawizi iliyopondwa. Labda ametia mchaichai, zile nyasi ndefu zenye harufu ya limau, ambazo wengi huziita sitroneli. Mtoto anakunywa, anateuka, analala, anaamka mzima. Je, ni dawa iliyomponya?

Angalia vizuri. Upepo wa tumbo hutoka wenyewe. Mtoto akipona baada ya saa mbili, kilichomponya ni majani, ni maji ya moto, au ni zile saa mbili? Kwa sababu hiyo madaktari hugawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu moja hupewa dawa, la pili hupewa kitu kinachofanana nayo, ila hakina dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Kisha hulinganisha.

Tangawizi imepimwa hivyo mara nyingi. Inasaidia kichefuchefu, na imeonekana kuharakisha chakula kitoke tumboni. Kwa upepo wenyewe ushahidi ni mdogo. Mafuta ya mnanaa hulegeza utumbo uliokaza, na yamewapunguzia maumivu wagonjwa wengi wa utumbo, si wote. Lakini mafuta yale yana nguvu kupita majani machache kikombeni. Mchaichai haujapimwa sana kwa watu. Maana yake si kwamba nkambo anadanganya! Maana yake ni kwamba jambo hili bado halijathibitishwa.

Lililo hakika ni hili: loweka maharagi usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zile huondoka pamoja na maji.

Ukitaka kuchuma majani, angalia mahali. Mji wetu ni mji wa shaba na kobalti. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi katika mkojo wao. Vumbi la madini hutua juu ya majani pia. Usichume kando ya kiwanda wala kando ya barabara ya malori ya madini, na majani yote yaoshe kwanza.

Mtoto mchanga asipewe maji ya majani, wala kwa kinywa wala kwa njia ya nyuma. Wengine wamekufa kwa hayo. Mpaka miezi 6, maziwa ya mama yanamtosha.

Na tumbo likiwa gumu kama ubao, mgonjwa akitapika, akiwa na homa, au asipoweza kutoa choo wala upepo, huo si ugonjwa wa maharagi. Epua sufuria, mpeleke hospitali siku ile ile.

Maulizo

1. Kwa nini maharagi huleta upepo kuliko bukari?
2. Kwa nini fungu la pili la wagonjwa hupewa kitu kisicho na dawa?
3. Uliza nkambo wako: kwenu hunywa nini tumbo likijaa upepo? Andika jina la mmea na mahali unapoota.