Mti wa Nani? Somo juu ya Shamba na Nyumba Panapotokea Talaka



Katika masomo yetu tumezoea kueleza palizi, uchumaji na uanikaji. Leo twataka kueleza jambo lisilohusu jembe wala jamvi, lakini linaloweza kumpotezea mwanachama mikarafuu mingi kuliko upepo na maradhi. Jambo lenyewe ni mgao wa shamba na nyumba pale mke na mume wanapoachana.

Hapana mtu anayefunga ndoa kwa nia ya kuachana. Walakini talaka hutokea, na siku hiyo mambo ambayo hayakusemwa wakati wa mapenzi huwa ugomvi mkubwa. Mke aliyepalilia miche kwa miaka ishirini hutoka na kitanda na vyombo vyake tu. Mume aliyejenga nyumba juu ya kiwanja cha baba mkwe hutoka na nguo zake. Wote wawili wana la kudai, na yafaa kila mmoja ajue lipi ni haki yake na lipi si haki yake.

1. Msingi: kila mtu na mali yake

Sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wa kisiwani petu katika mambo ya ndoa, haichanganyi mali ya mke na ya mume. Mwanamke akiolewa huja na mali yake, na mali hiyo hubaki yake. Jambo hili si dogo. Huko Uingereza ilihitajika sheria ya mwaka 1882 ili mke aweze kumiliki mali yake kamili bila ya mumewe, na hali huku kwetu wanawake wakimiliki mikarafuu kwa majina yao.

Basi yafuatayo ni ya mwenyewe peke yake, awe mke au mume: mali aliyokuja nayo katika ndoa, mali aliyorithi kwa jamaa zake, hata kama aliirithi akiwa ndani ya ndoa, mahari na zawadi aliyopewa akaipokea, na kitu alichonunua kwa fedha zake mwenyewe. Ndoa haikumpa mwenziwe fungu katika hayo, na talaka haimpi.

Hapa watu huchanganya urithi na talaka. Mume akifa, mjane hupata robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumuni ikiwa ameacha. Lakini mke aliyeachwa, eda yake ikamalizika, hana robo wala thumuni, kwa kuwa yeye si mrithi tena. Anachoweza kudai ni mali yake mwenyewe, mahari iliyokuwa haijalipwa, matunzo anayostahili wakati wa eda, kiliwazo pale sheria inapompa, na haki ya jasho lake tutakayoieleza mbele.

2. Mti una mwenyewe, na ardhi ina mwenyewe

Mgao wa shamba Pemba una ugumu wake, kwa sababu kwa desturi yetu mti huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Mtu husema, “Nina mikarafuu kumi kwa fulani,” na kila mtu akaelewa kwamba ardhi si yake.

Kwa upande wa serikali, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na wakulima wengi wakapewa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nam. 12 ya mwaka 1992 imeendeleza msingi huo: ardhi ni ya umma, iko chini ya Rais wa Zanzibar, na raia hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo mwenye eka tatu asidhani kwamba anaweza kumkatia mkewe eka moja kama mtu akatavyo kitambaa. Shauri la ardhi ya namna hiyo lapasa lipelekwe kwanza katika ofisi ya ardhi. Lakini miti iliyopandwa juu yake, na thamani ya kazi iliyofanywa, ni mambo yanayoweza kuhesabiwa.

Kadhalika nyumba. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya kiambo cha ukoo wa mume au wa mke. Aliyetoa mabati, mawe na mshahara wa fundi hawezi kudai kiambo cha watu, lakini ana haki ya kudai thamani ya alichokitia.

3. Mali iliyochumwa na wawili

Hapa ndipo penye mashaka makubwa. Je, iweje kwa shamba ambalo hakuja nalo mke wala mume, bali walilipanda pamoja? Mkarafuu hauzai mwaka wa pili. Yataka miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuona mavuno ya maana, na miaka hiyo yote mtu hupalilia bila ya kupata kitu. Aghalabu kazi hiyo ni ya mke. Yeye ndiye apaliliaye miche, achumaye matawi ya chini, achambuaye makonyo na aanikaye karafuu. Na karafuu zikipelekwa kituoni, stakabadhi ya Shirika la ZSTC huandikwa jina la mume.

Sheria ya Mahakama ya Kadhi Nam. 9 ya mwaka 2017, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1985, imeyataja madai ya mgao wa mali ya wanandoa kuwa miongoni mwa mashauri ya Kadhi, pale palipo na mchango wa kweli. Maneno haya mawili, “mchango wa kweli,” ndiyo ya kushika. Hayasemi kwamba kila mke hupata nusu, wala hayasemi kwamba asiye na jina katika karatasi hana kitu. Yasema kwamba mwenye kudai athibitishe alitia nini.

4. Wenzetu wafanyavyo

Tanzania Bara wana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haitumiki Zanzibar. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Hata hivyo Bi Hawa hakushinda, kwa sababu alikwisha pewa na mumewe fedha za kufanyia biashara, naye akazitumia vibaya; mahakama ikaona kwamba fungu lake alikwisha lipata. Hukumu hii yatufundisha mambo mawili: kazi ya mke ina thamani, na hesabu huangalia pande zote mbili.

Kenya wana Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013. Nayo huhesabu kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa ni mchango, na imewaachia Waislamu nafasi ya kufuata sheria yao. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilieleza kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe tu. Kila mmoja hupata kwa kadiri alivyochangia.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya mahakama za serikali tu. Basi na atazame Indonesia, nchi ya Waislamu wengi wanaofuata madhehebu ya Shafii kama wengi wetu, tena ni wakulima wakubwa wa karafuu. Kanuni za sheria ya Kiislamu za huko za mwaka 1991 zasema kwamba walioachana hugawana nusu kwa nusu mali waliyoichuma pamoja, isipokuwa kama waliandikiana mkataba mwingine. Na mali aliyokuja nayo kila mmoja hubaki yake.

5. Mfano wa hesabu

Tuchukue mume na mke walioachana baada ya miaka kumi na minane. Shamba lina mikarafuu 90. Mume alirithi 30 kwa baba yake. Mke ana 10 aliyopewa na baba yake, iliyo mpakani. Iliyobaki 50 waliipanda pamoja baada ya kuoana, juu ya ardhi anayoitumia mume.

Miti 30 ni ya mume, na 10 ni ya mke. Hapo hapana mazungumzo. Mazungumzo ni juu ya 50. Tuseme imethibitika kwamba mume alitoa ardhi, miche na kazi ya kuchimba mashimo, na mke alipalilia na kuanika miaka yote, wakapatana kwamba fungu la mke ni sehemu mbili katika tano. Hiyo ni miti 20. Ikiwa hawakupatana, Kadhi ataamua kwa ushahidi.

Sasa mke achukue miti yenyewe au thamani yake? Akichukua miti, itambidi kila msimu aingie katika shamba la mtu aliyemwacha, na ugomvi hautakwisha. Afadhali apewe miti ya upande mmoja ulio karibu na ile 10 yake, pamoja na njia ya kupita. Au wazee watatu waijuao mikarafuu waipime, mume ailipe thamani yake kwa misimu miwili, na jambo liandikwe. Na ikiwa talaka imetoka karafuu zi mtini, yapasa ielezwe mapema nani atachuma msimu ule.

6. Yafaayo kufanywa kabla ya ugomvi

Kwanza, kabla ya kupanda, semeni. Maneno kama “hii ni yetu” au “hii ni yangu, wewe nitakulipa” yasemwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kisha yaandikwe, na sheha aijue karatasi hiyo.

Pili, wekeni stakabadhi. Aliyenunua miche, mabati au saruji aiweke karatasi yenye jina lake. Asemaye “kila mtu anajua” hukuta mahakamani kwamba hao wanaojua hawakuja.

Tatu, hesabuni miti ya kila mmoja na kuiandika, pamoja na mipaka yake.

Nne, mwanamke anayetaka khului, yaani kujivua katika ndoa kwa kurejesha mahari, asikubali kwa haraka kuachia na mikarafuu yake ili apate talaka. Asikilize kwanza shauri la wazee wake na la Kadhi.

Tano, jaribuni suluhu. Watoto ni wa wote wawili, na siku moja mikarafuu ile itakuwa yao.

Maswali ya kujipima

(1) Mke alirithi mikarafuu kumi na mitano akiwa ndani ya ndoa. Akiachwa, mume ana fungu gani?
(2) Mume amejenga nyumba katika kiambo cha ukoo wa mkewe. Adai kiambo, au adai nini?
(3) Je, katika shamba lenu wenyewe, mko tayari kusema leo mti upi ni wa nani?

Swali la kwanza na la pili majibu yake yamo humu. La tatu jibu lake liko nyumbani kwako.