Minyoo ndani ya silikoni

SWALI: Daktari, nasikia dawa mpya za kichocho hujaribiwa ndani ya kifaa kidogo kama stempu. Kwani darubini ina kasoro gani?

JIBU: Darubini bado tunaitumia, ila inachosha mno. Mtu hukodolea macho lava wa minyoo ya kichocho mmoja baada ya mwingine, akiamua huyu mzima, huyu amelegea. Mwenzake akiwatazama hao hao huenda akatoa alama tofauti. Ndani ya kifaa hiki lava hukaa kwenye kijichumba cha majimaji, dawa ikipita. Elektrodi hupitisha umeme hafifu, na kila lava anapojinyonganyonga umeme hubadilika. Tunajua basi si kwamba amelegea tu, bali pia alianza kulegea saa ngapi.

Haja ni kubwa. Kwa kichocho tumeegemea dawa moja, prazikwanteli, tangu miaka ya 1980, nayo haiwawezi vizuri minyoo wachanga.

Kinachonitia wasiwasi ni silikoni ambayo vingi vya vifaa hivi hutengenezwa kwayo. Hufyonza baadhi ya dawa, hasa zinazoyeyuka kwenye mafuta, hivyo mnyoo hupata dozi pungufu na dawa nzuri huonekana haifai. Ndiyo maana, kabla sijaamini matokeo, huuliza kwanza kama dawa iliyotoka upande wa pili wa kifaa ilipimwa.