Pimple: konteina ndogo kwa mradi wa PHP

Ukikuta klasi ya Malipo inajiundia muunganisho wa hifadhidata ndani ya konstrakta yake, jua siku ya kuijaribu utahangaika, maana haijaribiki bila hifadhidata kuwa hewani. Dawa yake ni klasi kuletewa vitegemezi, yaani vitu inavyovihitaji, kutoka nje. Anza kwa mkono: konstrakta ipokee $hifadhi, basi. Mradi wenye klasi tano au sita hauhitaji maktaba yoyote kwa hilo, na anayekuambia vinginevyo anakuongezea kazi.

Tabu huanza klasi zinapozidi, ukitaka moja inakubidi uunde kwanza nyingine chungu nzima. Hapo Pimple inafaa: ni konteina, yaani mahali pamoja pa kuandika jinsi kila kitu kinavyoundwa. Iliandikwa na Fabien Potencier, mwanzilishi wa Symfony, na ni ndogo kiasi cha kusomeka yote kwa kikao kimoja. Isakinishe kwa Composer, kisha andika:

$k = new Pimple\Container();
$k['anwani'] = 'sqlite:duka.db';
$k['hifadhi'] = fn($k) => new PDO($k['anwani']);
$k['malipo'] = fn($k) => new Malipo($k['hifadhi']);

Hapo umeweka maelekezo tu. PDO haiundwi mpaka uite $k['malipo'], na ukiita tena unapewa Malipo ile ile. Kwa kitu kinachotakiwa kiwe kipya kila mara, mfano kikapu cha mteja, funga funksheni yako ndani ya $k->factory(). Tena angalia: huduma ikishaitwa hugandishwa, na ukijaribu kuiandika upya Pimple inarusha hitilafu. Kwa hiyo kwenye majaribio, weka 'hifadhi' ya bandia kabla hujaita chochote.

Kosa linaloharibu kazi yote ni kuipa Malipo hiyo $k yenyewe. Ni sawa na fundi kuomba funguo za stoo nzima badala ya kutaja nyundo: ukisoma konstrakta hujui tena klasi inahitaji nini. $k iishie kwenye faili la kuanzishia programu, mara nyingi index.php.

Pimple haipokei tena vipengele vipya, ila marekebisho ya usalama na ya kwenda sawa na matoleo mapya ya PHP. Kwangu hiyo si kasoro. Lakini ukitaka konteina inayosoma konstrakta na kuunganisha vitegemezi yenyewe, usiilazimishe Pimple, chukua PHP-DI.